Nilimtafuta Mama Kwenye DVD Tano

Mama yangu alifariki mwaka 1954. Mwaka jana, mwezi wa kumi, saa kumi jioni, akatoweka tena. Mbele ya macho yangu. Ndani ya runinga.

Sitanii wajukuu zangu. Kaeni niwasimulie.

Siku hiyo binti yangu Marisela alikuja na DVD mpya. Kasha jekundu, maandishi ya dhahabu, linang'aa utafikiri zawadi ya harusi.

"Mama, hii ndiyo yenyewe," akasema. "Ile yenu imechoka, inakwamakwama. Itupeni."

Akaiweka kwenye deki. Mimi na dada yangu Crescencia, ambaye sote tunamwita Chencha, tukavuta viti. Chencha akavuta cha kwake mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Picha ikaja kubwa, imejaa runinga nzima. Farasi hao. Vumbi hilo. Kisima hicho cha kijiji chetu.

Ikafika ile sehemu.

Mama hayupo.

"Rudisha," nikasema. Marisela akarudisha.

Hayupo.

"Frosi," Chencha akaniita bila kugeuka, "mama kaenda wapi?"

Utamjibu nini mtu akikuuliza hivyo?

Sasa niwaeleze, maana najua mmeshaanza kushangaa.

Mimi naitwa Eufrosina. Tulizaliwa kwenye nyanda za Apan, baba yetu alikuwa mgema wa pulque, pombe ya mkonge, kwenye hacienda, shamba la tajiri. Mwaka 1952 wakaja watu wa filamu kutoka mjini. Sitaitaja jina hiyo filamu, wenye kuijua wataijua: yule mpanda farasi anayerudi kumtafuta mchumba wake na kukuta kaolewa. Wanawake wa kijiji walichukuliwa wachote maji kisimani huku farasi wakipita. Mama yetu, Otilia, alikuwemo.

Sekunde kumi na moja. Amechutama pale chini kabisa ya picha, na mtungi wake.

Miaka miwili baadaye akafa kwa uzazi. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, Chencha alikuwa na kumi.

Picha ya mama haipo. Hata moja. Nani kijijini kwetu alikuwa na kamera? Kwa hiyo mama yangu, kwangu mimi, ni zile sekunde kumi na moja. Chencha ndiye aliyenionyesha kwa kidole, tulipokuwa wasichana mjini, kwenye sinema ya mtaani: "Yule pale chini. Ndiye."

Baadaye tukapata ile DVD yetu ya zamani, isiyo na hata kava. Imejaa chenga. Mama alionekana kama ukungu: shali nyeusi, mtungi, na doa jeupe mahali pa uso. Mpiga picha mmoja akaielekeza kamera yake kwenye runinga, akatupigia lile doa, tukaliweka kwenye fremu. Kila mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwakaribisha marehemu, lilikuwa juu ya meza yao, na mishumaa, na mkate, na tamale za mahindi alizozipenda. Miaka kumi na tisa.

Marehemu anakuja anapoiona picha yake. Ndivyo tulivyolelewa.

Sasa, mwezi wa tisa daktari alikuwa amemwambia Chencha kwamba kisukari kimeshakula macho yake. Kabla ya Krismasi atabaki anaona mwanga tu.

Dada yangu hakulia. Alisema kitu kimoja.

"Nataka nimwone mama vizuri mara moja. Halafu giza lije."

Ndiyo maana Marisela alinunua lile kasha jekundu.

Jumapili iliyofuata nikaenda sokoni La Lagunilla, ni mwendo mfupi tu kutoka kwetu hapa mjini. Kuna mzee pale anauza filamu za zamani. Anaitwa don Odilón, lakini watu wote wanamwita Profesa, kwa kuwa ukiuliza swali moja anakupa masomo matatu.

Nikamwekea kasha jekundu mezani.

"Profe, wamemla mama yangu."

Akalitazama kwa jicho moja. "Doña Frosi, nani kakuuzia uhuni huu? Picha za filamu za zamani ni nene kama mraba, runinga za leo ni pana. Hawa ili wajaze kioo wamekata juu na wamekata chini. Wangepewa mchoro wa Karamu ya Mwisho wangekata vichwa vya mitume ili meza ienee."

"Mama yangu yuko chini."

"Basi kakatwa."

Alivyosema! Kama daktari wa mifupa.

Kumbe nilikuwa sijui chochote. Mimi nilidhani filamu ni filamu. Profe akanifundisha kuwa filamu moja inaweza kuwa na matoleo hata kumi. Moja ina picha nzuri na sauti mbovu. Nyingine sauti nzuri, picha kama umeitazama kupitia soksi. Kuna watu wazima, wana kazi na wake zao, kila Jumapili wanakuja kulinganisha.

Niliishia darasa la tatu, lakini mistari najua kuchora. Nikanunua daftari la shule, nikagawa ukurasa mara tatu: Picha. Sauti. Mama.

Pale kwa Profe huondoki na DVD bila kuijaribu. Kuna kiruninga kidogo, waya wake umetoka kwenye nguzo ya taa, na watu wanapanga foleni. Mimi zamu yangu ikifika naomba kisima, natazama sekunde kumi na moja, naandika, naomba tena.

Bwana mmoja mwenye tumbo na miwani akachoka.

"Bibi, sisi tunataka kuona kama weusi wa picha umekaa vizuri, wewe unatazama ndoo za maji!"

"Subiri mwanangu. Mimi nimesubiri miaka sabini."

"Na ukizipata hizo ndoo utafanya nini?"

"Nitamwonyesha dada yangu mama yake."

Akanishikia mkoba.

Toleo la pili lilikuwa lile ambalo gazeti moja liliwagawia wasomaji wake zamani, kwenye karatasi ngumu. Picha: nyeusi kama tairi. Sauti: safi ajabu. Nikaandika hivyohivyo, "tairi".

Lakini nililichukua nyumbani, kwa sababu ya kitu nilichokisikia.

Kwenye ile DVD yetu ya zamani, pale kisimani ulikuwa unasikia mvumo tu, kama mafuta yanakaanga. Kwenye hii ya gazeti, pale mama alipo, mwanamke anasema: "Harakisheni, jamani, vumbi lile si la upepo!"

Sauti nzito kidogo. Nzuri. Na lile doa la uso linatikisika kama anayeongea.

"Dada! Umesikia? Ni mama! Mama anaongea!"

Chencha alinisikiliza nikiruka ruka. Halafu akasema, "Ndiyo, Frosi. Ndiye."

We acha tu. Nililia kama mtoto. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua kwamba mama yangu alikuwa na sauti ndani ya filamu! Nikairudisha mara nane. Wakati napika, najisemea, "Harakisheni, jamani." Marisela akaniambia, "Mama, sasa umezidi." Nikamwambia aniache na mama yangu.

Jumapili nikamsimulia Profe. Nilidhani atafurahi.

Akavua kofia.

"Doña Frosi, naweza kukudanganya, lakini wewe ni mteja wangu mzuri."

"Sema."

"Filamu zilizopigwa nje, mashambani, enzi hizo sauti hawakuichukua palepale. Upepo, farasi, mbwa. Walirudi studio mjini, wakaita wanawake wawili watatu wenye kazi hiyo, wakaongea mbele ya maikrofoni. Yule unayemsikia hajawahi kukanyaga Apan."

Nilisimama pale na daftari langu. Safu ya "Sauti" nilikuwa nimeandika: MAMA. Kwa herufi kubwa. Nikatoa kalamu, nikafuta.

Nyumbani sikusema kitu. Chencha alishasikia na kukubali kwamba ni mama. Nimnyang'anye na hilo?

Toleo la tatu lilitoka Uhispania. Picha nzuri, sauti nzuri. Farasi wanakuja, wanakuja, pah! Wameshapita. Kisima hakipo. Profe akasema kanda waliyoinakili ilikuwa imekatika pale. Katika filamu nzima ya saa moja na nusu, kanda ikachagua kukatika pale.

La nne walikuwa wamelipaka rangi. Watu wote mashavu ya waridi kama pipi. Mama wamempa shali ya bluu.

"Bluu?" Chencha akacheka mpaka akakohoa. "Shali ya bluu Apan? Nani huyo, mke wa gavana?"

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa namtazama, maana nilikuwa nimeona kitu. Alikuwa ameitambua bluu kwa sababu Marisela aliitaja. Alikuwa anacheka akiwa ameelekea pembeni ya runinga.

"Dada, unaona nini hapo?"

"Naona vizuri."

"Ile nyeusi inayopita ni nini?"

Akafikiri. "Ni... basi la abiria?"

Ilikuwa farasi.

Nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Krismasi ilikuwa mbali bado. Daktari alikosea. Au macho hayasomi kalenda.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi Profe aliniona tangu mbali, akaanza kupunga mkono. Yule bwana wa tumbo na miwani alikuwa pembeni yake, naye anapunga.

"Imekuja!"

Hiyo ndiyo ya tano. Walioitengeneza walikuwa wameipata ile kanda ya kwanza kabisa, ile iliyotoka kwenye kamera yenyewe, kwenye ghala fulani. Wakaisafisha picha moja baada ya nyingine. Haijakatwa juu, haijakatwa chini.

"Usiijaribu hapa," Profe akaniambia. "Hiki kiruninga hakistahili. Nenda kaitazame na dada yako."

Mara ya kwanza anaruhusu mtu aondoke bila kujaribu.

Nilitembea haraka, nikasahau nina goti bovu.

Marisela akaiweka. Chencha akavuta kiti. Alikuwa amechana nywele.

Wajukuu zangu, picha ile sijui niieleze vipi. Unaona kamba ya kisima, uzi kwa uzi. Unaona nzi kwenye sikio la farasi. Kama mtu alikuwa amefungua dirisha na 1952 iko uani kwetu.

Tukafika.

"Simamisha," nikasema. Marisela akabonyeza rimoti.

Nikatazama.

Nikatazama tena.

"Frosi?" Chencha akaniita. "Yupo?"

Lile doa, ule ukungu tulioupikia tamale miaka kumi na tisa, halikuwa mwanamke mmoja.

Walikuwa wawili.

Wamechutama bega kwa bega, mmoja nyuma kidogo ya mwingine, shali zote nyeusi. Kwenye zile chenga zetu walikuwa wameyeyuka wakawa mtu mmoja. Hapa walikuwa wawili, kila mmoja na mtungi wake, kila mmoja na uso wake, safi kabisa.

Na mimi sikuijua sura ya mama yangu.

Anayeijua ni Chencha. Na Chencha haoni.

"Yupo," nikasema. Sauti ilinitoka vibaya. "Lakini wapo wawili, dada."

"Wawili nini?"

"Wanawake wawili. Sijui ni yupi."

Akaweka kiganja kwenye kioo, akakisogeza polepole, kama anayetafuta swichi ukutani. "Nieleze. Mimi nitakuambia. Wa kwanza yukoje?"

"Mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Mzuri tu. Uso wa duara. Nyusi nene. Ana kidoti chini ya jicho."

"Na wa pili?"

"Mwembamba. Meno ya mbele yameachana. Anaitazama kamera, nadhani walimgombeza."

"Pua?"

"Pua ni pua, dada!"

"Ya yupi?"

"Wote wana pua!"

"Unanisomea karatasi ya polisi, Eufrosina! Nieleze mtu!"

Nikajaribu. Jaribuni na ninyi siku moja kumweleza mtu kwa maneno, muone. Nilisema paji la uso, nikasema kidevu, nikasema huyu anafanana na Marisela akikasirika. Marisela naye akaingia, "Mimi? Wapi?" Kila nilivyoongeza neno, ndivyo wote wawili walivyozidi kuwa watu wowote tu.

Mwisho nikauliza swali rahisi. "Chencha. Mama alikuwa na kidoti?"

Kiganja chake kikasimama kwenye kioo.

"Dada?"

"Sijui."

"Ulikuwa na miaka kumi!" Nilipiga kelele. Naona aibu kusema, lakini nilimpigia kelele dada yangu kipofu. "Ulikuwa mkubwa! Wewe ndiye uliyemwona! Meno yake yaliachana au hayakuachana?"

Akatoa mkono kwenye kioo, akaukunja mapajani.

"Nilikuwa nao uso wake," akasema. "Tulipokuwa wasichana nilikuwa nao. Halafu tukapata ile DVD yetu. Nikawa naitazama. Kila mwaka, kila nikimkumbuka, naitazama. Sasa nikifumba macho nimtafute mama, unakuja ule ukungu. Umekaa palepale alipokuwa amekaa yeye. Nimejaribu kuuondoa, Frosi. Hauondoki."

"Tangu lini?"

"Zamani. Ndiyo maana nilitaka kuona vizuri. Nilijua nikimwona nitamjua."

Marisela akazima runinga. Hakuna aliyemwambia azime.

Nje muuza viazi vitamu alikuwa anapita na filimbi ya mkokoteni wake. Nilifikiria niseme tu, "Ni huyu mwenye kidoti," nimalize. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka ukweli unamponyoka.

"Na sauti pia si yake," nikasema. "Ile ya gazeti. Ni mwanamke wa studio. Profe aliniambia, nikakuficha. Nisamehe."

Nikasubiri alie.

Chencha akaguna.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba si yake. Nilijua siku ileile."

"Mbona ulisema ndiye?"

"Ulikuwa unaruka ruka kama mbuzi. Ningesemaje?"

"Ulijuaje, kama hata uso umekutoka?"

Akageuza kichwa kunielekea. Alikosea kidogo, alitazama bega langu.

"Mama alikuwa na kigugumizi, Frosi. Kibaya. Ile 'Harakisheni, jamani, vumbi lile si la upepo,' mama angeimaliza farasi wameshafika mji wa Puebla."

Sikuelewa. Naapa, nilielewa maneno lakini sikuelewa.

Miaka sabini. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mama yangu alikuwa na kigugumizi.

"Baba alikataza," Chencha akasema. "Watu walimcheka sana akiwa hai. Baba akasema akishakufa asichekwe tena. Tukanyamaza. Halafu tukazoea kunyamaza."

"Aliniita vipi?"

"Jina lako lilimtesa. Baba ndiye aliyelichagua, mjinga yule. E-e-e-Eu... e-Eufr..." Akalifanya na shingo, na kidevu kinavyoruka, na jicho linavyofumba. Hakuwa anamcheka. Alikuwa anamfanya. "Kwa hiyo alikuimba. Akiimba ulimi ulikuwa unafunguka. E-u-fro-siii-na. Hivyo. Kama anayeita kuku."

"Rudia."

Akarudia.

Ningependa kuwaambia kwamba kitu kiligutuka kifuani mwangu, kwamba niliikumbuka. Hapana. Nilisubiri, hakikuja kitu. Nilikuwa na miaka mitatu. Nikamwambia arudie tena, akarudia, na tena, mpaka Marisela akaja kukaa sakafuni kati yetu.

Siku ya marehemu Marisela alichapisha picha ya wale wanawake wawili. Chencha akasema tuweke sahani mbili: mmoja wao ni mgeni, na mgeni haachwi na njaa.

"Na kama mama si yeyote kati yao?" nikamuuliza.

"Basi hao wanamjua. Watamwambia tunakoishi."

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri.

Ninyi mna picha nyingi kuliko sisi, na sauti mnazo kwenye simu, safi, hazina chenga. Sawa. Lakini nilizunguka soko zima nikilinganisha DVD tano, na aliyemjua mama yangu alikuwa amekaa nyumbani kwangu, kwenye kiti changu, anakunywa uji wangu wa atole. Sikuwahi kumuuliza. Mkalishe aliyewajua watu wako, muulize walikuwa wakishindwa na nini, walikuwa wakimwitaje nani. Andika, hata kama uliishia darasa la tatu.

Na usingoje. Leo asubuhi nilimwomba Chencha aniimbie jina langu.

Ameimba la Marisela, wala hajui amekosea.